Sufuria Nyeusi na Misonobari ya Nyabera

Naandika haya nikiwa na hasira, na hasira yenyewe si ya jana. Kuna watu wa boma letu wanaopenda kusimulia habari za Gesare kwa sauti ya chini, kama habari ya mtu aliyezaliwa na mkosi, kisha wanatikisa vichwa na kuomba chai. Mimi nilikuwapo. Nilikuwa mke wa kaka mkubwa wa mumewe, tulifagia uwanja mmoja, na mtoto wake alilala kwangu miezi ile ambayo mama yake hakuwapo. Chai wanywe tu, lakini habari nitaisimulia mimi, Zilpah.

Gesare aliolewa kwetu mwaka ule wa mafuriko makubwa, kabla ya Uhuru. Alitoka Ukuria, karibu na mpaka wa Tanganyika, na shemeji yangu Javan alimwona kwa mara ya kwanza soko la Migori, amesimama nyuma ya rundo la mihogo akibishana na mnunuzi mpaka mnunuzi akaomba radhi. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mkono wa kazi. Kuni alizipasua mwenyewe wakati wake wengine tulikuwa tukingoja wanaume warudi. Kijaluo hakujua hata neno moja. Kiswahili alikiokota sokoni, nami nilikuwa nimekipata kwa kuuza njugu Rongo, basi tukawa tunaongea hicho chetu cha kuungaunga, na wengine wakitutazama kama tunapanga kuiba kuku. Walimwita Nyar Kuria, yaani binti wa Ukuria, maana kwetu mke huitwa kwa alikotoka. Mimi niliitwa Min Otieno kwa jina la mwanangu wa kwanza, na Gesare naye ananiita hivyo mpaka leo.

Boma letu liko chini ya kilima cha Nyabera, ukitoka Ndhiwa kuelekea bonde la Lambwe. Mguuni mwa kilima kuna chemchemi inayotoka katikati ya mawe mawili. Siku hizo ilitoka mwaka mzima, baridi, hata Januari ng'ombe walipokuwa wakilamba vumbi. Ilikuwa na sheria yake. Maji yalichotwa kwa kibuyu peke yake. Sufuria yenye masizi haikuruhusiwa kugusa maji, kwa sababu wazee walisema chemchemi huchukia weusi wa moto, na ikichukia huhama.

Gesare hakuambiwa. Wiki yake ya kwanza kwetu alichukua sufuria ya ugali, nyeusi tii, akateremka nayo, akaichovya. Wanawake walipiga mayowe. Yeye alidhani wameona nyoka, akairusha sufuria akapanda juu ya jiwe, na mimi nilicheka mpaka nikakaa chini. Mama mkwe alikuwa hai bado. Akachuma majani mabichi, akayatupa majini, akasema mgeni hana kosa, mambo yamekwisha. Na kweli yalikwisha. Maji yalitoka mwaka ule, na mwaka uliofuata, na mwaka mwingine tena, Uhuru ukaja ukatukuta tukichota. Naomba hilo likumbukwe, kwa sababu baadaye kila mtu alijifanya amelisahau.

Sasa nije kwenye miti. Miaka ya mwisho ya utawala wa Mzungu, kabla Gesare hajaja, watu wa misitu walikuja kupanda kilima. Nyabera ilikuwa kilima cha nyasi na vichaka, na katika kibonde kidogo juu ya chemchemi palikuwa na mikuyu mikubwa ambayo hakuna mtu aliyejua umri wake. Walituambia kilima kiko uchi, udongo unakimbilia ziwani, na miti italeta mvua. Hakuna aliyepinga. Nani atapinga mvua? Lori lilileta miche ya misonobari, au paini kama vibarua walivyoiita, na Javan alikuwa mmoja wa vibarua hao. Mikuyu ilikatwa, mashimo yakachimbwa, miche ikasimama mistari kwa mistari. Bendera ilipobadilishwa, misonobari iliendelea kurefuka na Javan akaendelea na kazi.

Mtu asidhani nina ugomvi na msonobari. Paa la kanisa letu limeshikwa na mbao zake na sijawahi kulilalamikia. Ni mti mzuri mahali pake. Lakini ungeingia chini ya ile misonobari yetu ilipofika umri wa mtoto wa kupelekwa shule, ungejionea. Majani yake, yale marefu membamba kama sindano za kushonea magunia, huanguka mwaka mzima. Yalilaliana chini mpaka mguu ulizama, na juu yake hakikuota kitu. Nyasi za kuezekea zilikwisha. Mboga za porini zilikwisha. Uyoga wa mchwa tuliokuwa tukiuchuma baada ya mvua ulikwisha, ukaja uyoga mwingine wa rangi ya kahawia, wenye utelezi, ambao hakuna aliyethubutu kuupika. Kanga na kwale walihama. Ng'ombe walikatazwa, kuni zilikatazwa, na kwa kuwa hapakuwa na cha kufuata mle ndani, hakuna aliyeingia. Watu wa misitu walikuja mara moja kwa miezi mingi, wakaitazama kutoka barabarani wakafurahi.

Chemchemi ikaanza kupungua. Mwanzoni ilikuwa kiangazi tu, tukasema ni jua. Kisha ikapungua masika, mvua ikinyesha kama kawaida. Tuligombana kwenye foleni. Tulikwangua tope kwa vibuyu. Halafu, kama miaka mitatu baada ya Uhuru, tukafika asubuhi moja tukakuta mawe mawili makavu na chura amekufa katikati.

Toka siku hiyo tulikwenda kuchota Kwa Rabuor, upande wa pili wa kilima. Kule mwamba ulikuwa mtupu mno, miche haikupandwa, na mikuyu ya zamani ilibaki. Chemchemi ya kule haikupungua hata kidogo. Tulipita katikati ya misonobari kwenda na kurudi, kichwani debe, mgongoni mtoto, shingo ikiuma mpaka usiku. Ungedhani watu wenye akili zao wangeuliza kwa nini upande huu umekauka na ule haujakauka. Kilima ni kimoja. Mvua ni moja.

Walichouliza ni nani ameikosea chemchemi.

Baba mkwe wetu alikuwa Mzee Zadock. Siku ya Sabato alikuwa mzee wa kanisa, siku sita zilizobaki alikuwa mzee wa ukoo, na kofia zote mbili zilimkaa vizuri. Aliwaita wenzake, wakakaa, wakakumbushana, na neno likazaa neno mpaka mmoja akasema, "Si yule Nyar Kuria alichovya sufuria?" Basi. Miaka yote ile maji yalikuwa yakitoka, ikahesabiwa si kitu. Wakasema chemchemi ilikuwa imevumilia. Mimi sijui chemchemi yenye uvumilivu wa namna hiyo. Najua wanaume wasiochota maji.

Wakachinja kondoo. Wakachanganya manyasi, zile dawa za majani za kutakasia, na Gesare akasimamishwa mbele ya ukoo wote kwenye mawe makavu, akanawishwa uso na mikono kama mtoto mchafu. Alikuwa na Pauline kiunoni, bintiye wa pekee, ndio kwanza aachishwe ziwa. Nilimtazama Javan. Alikuwa amesimama nyuma ya wengine akitazama juu, kwenye misonobari, kisha akatazama chini haraka. Nililiona hilo nikaliweka moyoni.

Tukangoja. Maji hayakuja. Wiki zikapita, na manyasi yakakaukia pale pale juu ya mawe.

Hapo Mzee Zadock akatoa hukumu. Mavuno yakishaingia ghalani na mwaka mpya kuanza, Gesare atarudishwa kwao. Pauline atabaki, kwa kuwa mtoto ni wa boma. Aliyatamka akiwa ameketi kwenye kiti chake cha kukunja, bila kupandisha sauti, kama mtu anayeagiza ndama ahamishwe zizi.

Nilisema, "Baba, na kama si yeye?"

"Min Otieno," akasema, "kuna siku umewahi kuitwa kwenye kikao cha wazee?"

"Sijaitwa, baba. Lakini maji nachota mimi."

"Basi kachote."

Mume wangu Nicodemus alikuwa kwenye kazi ya chai Kericho, hakuwapo wa kunisaidia, na angekuwapo asingenisaidia. Nikachukua debe nikaenda kuchota, kwa sababu watoto hawanywi hasira.

Tulikwenda pamoja na Gesare. Tulipofika katikati ya misonobari manyunyu yakaanza, yale ya jioni yasiyo na radi. Tuliyasikia yakipiga majani huko juu. Tukasimama tungoje yapite, na baada ya muda Gesare akavua leso kichwani, akaipapasa, akanigusa begani.

"Min Otieno, wewe umelowa?"

"Sijalowa."

"Mimi pia sijalowa. Na mvua iko."

Akainama, akafukua zile sindano kwa mkono mpaka akafika kwenye udongo. Akachukua kiganja kimoja, akanionyesha. Ulikuwa mkavu, ulimwagika katikati ya vidole kama unga wa wimbi. Tukatoka upande wa Kwa Rabuor, na kule nyasi zilikuwa zimelowa, mikuyu inadondosha maji, njia inateleza.

"Hii miti inashika mvua huko juu, jua inakula," akasema. "Na ile kidogo inafika chini, mizizi inakula. Sasa chemchemi itakula nini?"

"Waliambia sisi miti inaleta maji."

"Miti gani? Ile ya Rabuor inaleta. Hii ni ya kwao huko baridi, imezoea kunywa. Imefika hapa, inakunywa tu. Hata kiangazi haibaki bila majani."

Tuliporudi alishuka kwenye yale mawe mawili, akaingiza mkono wote mpaka begani. Akavuta. Kilichotoka ni kishungi cha mizizi, myembamba, mingi, imesokotana kama nywele zilizokwama kwenye kitana. Ilijaa mkono mzima. Akaiweka juu ya debe lake na kwenda nayo nyumbani.

Yaliyofuata niliyasikia kwa masikio yangu, maana nilikuwa nachambua maharagwe mlangoni kwangu na mlango wao uko hatua chache tu. Gesare aliiweka ile mizizi mbele ya Javan, kwenye meza, kando ya sahani yake.

"Hii ni ya nani?" akamwuliza.

Javan akaitazama. Kisha akaanza kusema, na kila alichosema kilinifanya niyabane maharagwe mkononi. Kumbe walipokuwa wakipanda, nyapara wao Elijah aliwaambia kile kibonde chenye maji wakiache wazi, wasichimbe hata shimo moja hapo, ndiyo amri iliyotoka kwa wakubwa. Lakini kazi ilikuwa ya kipande. Kila kibarua na idadi yake ya mashimo, hujamaliza huendi nyumbani. Kule juu ni mwamba, jembe linalia. Kule kibondeni udongo ni laini, mikuyu ilikuwa inazuia tu. Elijah alikuwa chini ya kivuli. Basi wakaangusha mikuyu, wakajaza mashimo yao kwenye udongo laini, mwamba wakauruka, na jioni kila mtu alikuwa na kipande chake kimetimia.

"Kila mtu alifanya," Javan akasema. "Si mimi pekee."

"Enda uambie baba yako."

"Elijah akisikia, kazi imeisha."

"Na mimi nikirudishwa, nini imeisha?"

"Hiyo ni mambo ya wazee, Gesare. Mimi siwezi ingia."

Nataka nimtendee haki Javan, ingawa hastahili. Hakuwa mlevi. Hakumpiga mkewe. Alimbeba Pauline mabegani mpaka sokoni Ndhiwa bila kuona aibu kwa wanaume wenzake. Angekuwa mtu mbaya ningemchukia nikapumzika. Kilichoniwasha ni kwamba alikuwa mtu mwema aliyejua ukweli wote, aliyesimama pale akamwona mkewe ananawishwa uso hadharani kwa ajili ya mashimo aliyoyachimba yeye, akaona heri iwe hivyo kuliko nyapara kumnunia. Kikulacho ki nguoni mwako. Gesare alilala naye kitanda kimoja.

Akampa nafasi. Kila jioni alimtazama alipotoka kwenda kuota moto kwa baba yake, na kila jioni alimtazama alipokuwa anarudi. Mavuno yaliingia ghalani. Javan alikuwa bado anatafuta siku nzuri ya kuzungumza.

Baada ya Krismasi nikaanza kuona kwamba maji ya Gesare yanachelewa. Aliondoka nasi kwenda Kwa Rabuor, kisha alibaki nyuma, akaja jua limepanda, na mikono yake ilinata. Ilinuka kama dawa ya kusafishia sakafu. Hata kwa majivu haikutoka. Nikamwuliza kama anataka nijue au nisijue.

"Ujue," akasema.

Alikuwa anabeba shoka ndani ya mzigo wa kuni. Hakuangusha miti, kwani mti ukianguka husikika. Alizunguka shina, akakata gome, akaendelea kukata ndani mpaka akaipita ile sehemu nyeupe ya shina inayopitisha maji, akaacha kiini chembamba tu cha kuusimamisha. Kisha alihamia mwingine. Alianza karibu na mawe, akapanda kibonde kuelekea juu, mti baada ya mti. Hakuna aliyemwona, maana hakuna aliyekuwa na haja ya kuingia mle. Ndiyo faida moja tu niliyowahi kuiona ya msitu ule.

Nilijua ni kosa la jela. Kila mtu alijua, miti ya serikali ni miti ya serikali. Sikumkataza. Nilimwambia jiwe langu la kunolea ni zuri kuliko la kwao, akawa analitumia.

Siku ya kumrudisha iliahirishwa kwa sababu Mzee Zadock aliugua kifua. Na kabla hajapona, kibonde kizima kikawa chekundu. Sindano zilikauka juu ya miti ikiwa imesimama, na ungeweza kuiona tangu barabara ya Ndhiwa, doa la kutu katikati ya kijani. Elijah akaja na askari wawili wa msitu. Alikuwa mtu mnene sasa. Akaingia, akayaona yale makovu ya shoka, akatoka anafoka, wakaitwa watu wote uwanjani kwetu, na kwa kuwa Javan ndiye kibarua aliyeishi karibu zaidi, akaanzwa yeye.

"Javan, hii ni kazi ya nani?"

Javan akatazama viatu vyake.

"Nauliza wewe. Shoka ya serikali unajua kutumia."

Askari mmoja akasogea na pingu. Javan hakusema ndiye, hakusema siye. Nafikiri hata wakati ule alikuwa anangoja siku nzuri.

Gesare akamkabidhi Pauline kwangu. "Ni mimi," akasema. "Shoka ni ya kwangu, nilikuja nayo kutoka kwetu. Huyu hajui kitu. Yeye hajui kitu kabisa."

Alilisema hilo la pili akimtazama Javan, na Javan alilielewa, maana uso wake ulibadilika. Lakini hakufungua mdomo.

Kesi ilisikilizwa mjini Homa Bay. Nilikwenda na Pauline mgongoni. Gesare alimwambia hakimu habari ya mvua isiyofika chini, na mizizi, na chemchemi ya Rabuor, kwa Kiswahili kile kile cha kuungaunga, na karani akawa anatabasamu. Hakimu hakuwa mtu mkali. Alimwuliza mtu wa misitu aliyeletwa kutoa ushahidi kama ni halali kupanda juu kabisa ya chanzo cha maji, na yule akajibu kwamba si halali, amri ni kuacha wazi, na kwamba hajui miche ilifikaje pale. Hakimu akamgeukia Gesare.

"Wewe unajua nani aliipanda hapo?"

Javan alikuwa ameketi benchi la nyuma. Gesare akamtazama. Akimtaja, kazi imekwenda, na Pauline atakula nini huko nyumbani mama hayupo? Nilisoma hesabu hiyo usoni mwake kama nilivyoisoma moyoni mwangu.

"Sijui," akasema.

Mimi nikasimama. "Muulize yule," nikasema kwa Kijaluo, kidole nimekinyosha. "Muulize yule mwenye koti, anajua mpaka idadi ya mashimo." Askari akanishika mkono akanitoa nje pamoja na mtoto, kwani sikuwa shahidi. Gesare akapewa miezi sita. Watu wa nyumbani waliokuwa mle ndani walinisikia vizuri, na neno langu lilifika kwa Mzee Zadock kabla sijashuka garini. Alinijibu nilipomletea uji.

"Mwanangu alikuwa kazini," akasema. "Kazi si kosa."

Hivyo ukweli ulisemwa, tena kwa sauti, na ulifika. Watu husema ukweli ukidhihiri uongo hujitenga. Kwetu viliketi pamoja vikanywa uji.

Masika yakaja. Mvua ilinyesha, si zaidi ya masika mengine, na upepo ukaiangusha ile misonobari mikavu mmoja mmoja. Jua likafika kibondeni. Sindano zikaoza, vikachipuka vichaka, na kutoka kwenye kisiki kimoja cha mkuyu wa zamani likachomoza tawi. Kisha asubuhi moja mke wa jirani akaja mbio akisema mawe yamelowa. Tulikwenda kuangalia. Yalikuwa yakitoa machozi. Wiki ile ile yakajaza kibuyu, na kabla masika hayajakwisha tulikuwa tunachota kama zamani.

Nilifikiri sasa watanyamaza. Mzee Zadock alishuka kwa fimbo yake, akayaonja kwa kiganja, akageukia wenzake.

"Mmeona?" akasema. "Ameondoka, maji yamerudi."

Wote wakaitikia. Hata wanawake waliitikia, wenye madebe yaliyojaa. Walikuwa wamekanyaga juu ya magogo yenye makovu ya shoka lake ili wafike majini. Na mtu aliyeikata miti ile alikuwa jela, anafua nguo za wafungwa. Nilirudi nyumbani nikapasua chungu kizima. Kilikuwa changu, kwa hiyo nilikipasua vizuri.

Gesare aliachiliwa Septemba. Amekonda, nywele zimenyolewa. Pauline hakumjua kwa dakika chache, kisha akamjua. Mzee Zadock alimpokea langoni kwa maneno yaliyotayarishwa: kwa kuwa amekwisha kuadhibiwa, ukoo umemsamehe. Anaweza kukaa na mumewe na mtoto wake. Sharti ni moja tu, asiguse chemchemi maisha yake yote. Wake wenzake watamchotea. Javan alikuwa kando ya baba yake, anatabasamu kwa furaha ya kweli, akaniambia baadaye kwamba yeye ndiye aliyemwomba mzee amsamehe. Mwishowe alikuwa ameipata siku yake nzuri.

Gesare alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Ahsante, baba." Akaingia jikoni kwangu, siyo kwake, akatoka na sufuria ya ugali niliyokuwa nimeiteremsha motoni asubuhi ile, haijasuguliwa, masizi yake yanapaka mkono. Akateremka nayo. Watu walipoelewa walianza kumfuata, wazee nyuma kwa fimbo zao, na Javan anamwita jina lake. Hakugeuka. Alipiga magoti kwenye mawe mawili, akaizamisha yote, mpaka maji yakamfika viwikoni. Weusi ukasambaa majini kama moshi ukaenda na mkondo.

Akanywa pale pale kwa mdomo wa sufuria. Alikunywa sana.

"Unafanya nini?" Mzee Zadock akauliza.

"Nilikuwa na kiu, baba," akasema. "Nimetembea toka asubuhi."

Hakuna aliyelala vizuri usiku ule. Asubuhi nusu ya ukoo ilikuwa imeshuka kuangalia. Maji yalikuwa yanatoka. Yalitoka wiki ile, yakatoka kiangazi chote, na hata sasa yanatoka. Wazee walikaa tena, na waliposimama walikuwa na jibu: jela ilikuwa imemtakasa. Hakuna aliyemwambia pole. Javan alifanya kazi ya misitu mpaka alipostaafu, na mazishini mwake alisifiwa kwa miti aliyoipanda.

Mimi ni mzee sasa, naambiwa nipunguze maneno. Nimeyapunguza. Lakini tangu asubuhi ile sijasugua sufuria kabla ya kwenda kuchota nayo maji Nyabera, na wake za wanangu nimewafundisha hivyo hivyo.